Maswali ya wanachuo: GPA, bumu na mhadhiri "mnoko"

Matokeo ya muhula yametoka, na maswali nayo yamemiminika.

Nimeanza mwaka wa kwanza na GPA (wastani wa alama) ya 2.1 kati ya 5. Naweza kumaliza na daraja la pili la juu?
Inawezekana, ila piga hesabu. Shahada ya miaka 3 ina mihula 6, na daraja hilo linaanzia 3.5. Mihula ikiwa na uzito sawa, mitano iliyobaki inakudai wastani wa karibu 3.8. Ukizembea tena ukaambulia 2.5, minne ya mwisho itakudai 4.1. Usisubiri mwaka wa tatu ndipo uanze kupiga msuli.

Kuna mhadhiri mnoko, kila muhula ananipa C. Nifanyeje?
Jamani, tena? Kabla hujanitajia mhadhiri, nitajie alama zako za kozi weki, yaani majaribio na kazi za muhula. Pale ambapo kozi weki ni 40 na mtihani 60, ukiingia na 16, hata ukipata 32 kwenye mtihani unatoka na 48. Hiyo 16 hukuonewa. Jaribio la kwanza ulikuwa hujarudi kutoka likizo, na kwenye kazi ya kundi wenzako walikuandika jina kwa huruma.

Nisome huku nasikiliza muziki?
Wimbo ukiwa na maneno, zima.

Nasoma madesa (notisi) mara nne, mtihani ukija kichwa cheupe. Nina tatizo la kumbukumbu?
Huna. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilinganisha wanachuo waliorudia kusoma kifungu na waliokisoma mara moja kisha wakaandika walichokumbuka bila kuchungulia. Baada ya dakika 5 waliorudia waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Wewe unajiona umeiva saa nane usiku kwa sababu bado uko ndani ya zile dakika 5. Funika desa, andika, fungua uone ulichoacha.

Halafu mweleze mwenzako wa chumba mada hiyo kwa Kiswahili. Ukikwama, hujaelewa, umekariri tu sentensi za Kiingereza, kama wengi wetu tulivyozoeshwa tangu kidato cha kwanza. Wanaopanga lugha ya kufundishia wanalijua hili siku nyingi.

Bumu, hela ya kujikimu ya mkopo wa serikali, linachelewa. Nitafauluje na njaa?
Njaa inafelisha, sikubishii, na kuchelewa huko si kosa lako. Lakini likiingia je? 10,000 kwa siku, kwa siku 60, ni 600,000 kwa mkupuo. Wiki ya kwanza simu mpya, Jumamosi mikeka ya kubeti, wiki ya tatu unakopa chipsi. Siku linapoingia, mlipe mama ntilie hela ya mwezi mzima kabla hujakutana na marafiki.

Kuna jamaa anauza mtihani. Ni wa kweli?
Akiwa tapeli, hela imekwenda. Asipokuwa tapeli, chuo umekiaga. Futa namba yake.