Kwa nini "Chan Chan" inasikika nyembamba kwenye gitaa lako

Umeuliza kwa nini wimbo wa "Chan Chan" unasikika mwembamba ukiupiga kwa kodi (chords, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) za Dm, F, Gm na A7. Kodi hizo ni sahihi, hivyo ziache. Mtunzi wake, Compay Segundo wa Kuba, alipiga armónico, gitaa la nyuzi 7 alilobuni mwenyewe: uzi wa G ni jozi, na ndiyo unaoimbisha melodi. Ukipata gitaa la nyuzi 12, vua uzi wa pili wa kila jozi, bakiza jozi ya G tu. Uzi mwembamba wa jozi hiyo hukatika kirahisi, upandishe taratibu.

Ila wengi huharibu kwenye besi. Besi ya son, mtindo wa muziki wa Kuba wa wimbo huu, huruka pigo la 1. Inaingia nusu pigo baada ya 2, halafu 4, na hapo kwenye 4 inagusa kodi inayofuata kabla ya gitaa. Ukigonga 1 kila mara, inageuka machi.