Kifuniko cha taa za tangi la samaki: akriliki, polikaboneti au kioo?

Umeuliza kifuniko kinachokaa kati ya taa na maji ya tangi kiwe cha akriliki, polikaboneti (zote mbili ni plastiki angavu) au kioo. Kwa taa za LED, mimi ningechukua akriliki ya milimita 3. Hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga, ni nyepesi, na unaikata mwenyewe. Shida yake ni unyevu: upande unaotazama maji hunyonya mvuke na kuvimba kidogo, wa juu hukaushwa na joto la taa, na baada ya muda kipande kinajikunja kama jani. Basi ibane pande zote nne kwenye fremu, usiilaze tu juu ya kingo. Matundu ya skrubu yawe mapana kuliko skrubu zenyewe, maana plastiki hutanuka ikipata joto.

Polikaboneti haivunjiki kirahisi, ila isiyo na tabaka la kuzuia miale ya urujuanimno (UV) hugeuka manjano. Taa zako zikiwa za halidi, zile zinazochoma mkono, achana kabisa na plastiki, weka kioo kilichoimarishwa kwa joto.

Tafadhali sana, usisafishe akriliki kwa spiriti! Inaitia nyufa ndogondogo kama nywele. Madoa ya chokaa yatoe kwa siki iliyochanganywa na maji na kitambaa laini.