Windows 10 Imeachwa: Nihame au Nikae?

SWALI: Hamjambo wataalamu. Nina laptopu ya HP EliteBook 840 G3, mtumba wa Uingereza niliyoinunua Moi Avenue. Ni i5-6300U, RAM GB 8, diski ya kawaida GB 500. Naandikia barua, napigia hesabu za duka na kuingia iTax, tovuti ya kodi. Inanikumbusha kila mara kwamba Windows 10 imefika mwisho, na ni nzito ajabu. Fundi anataka shilingi 1,500 aniwekee Windows 11. Nimlipe? – Msomaji, Kayole

JIBU: Usimlipe, angalau si kwa kazi hiyo. Tazama nambari iliyo baada ya i5: 6300 inaanza na 6, yaani prosesa ya kizazi cha 6. Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. (Nambari ikiwa na tarakimu tano, soma mbili za kwanza: 10210 ni kizazi cha 10, si cha 1.) Hata chipu yako ya usalama, TPM, ikiwa ni toleo la 2.0 linalotakiwa, prosesa peke yake imeshafunga mlango.

Fundi atatumia flashi iliyotengenezwa kwa programu ya Rufus ili kuruka ukaguzi huo. Itaingia, na siku za kwanza utamshukuru. Lakini Microsoft haitoi ahadi ya updeti kwa mashine iliyoingizwa kwa njia hiyo. Za kila mwezi kwa kawaida huja. Toleo kubwa la kila mwaka haliji lenyewe, na hapo utamrudia fundi na shilingi 1,500 nyingine.

Windows 10 yenyewe haijafa. Kilichokoma tarehe 14 Oktoba 2025 ni viraka vya bure vya usalama. Kwa mtu anayeingia iTax na benki kwa mashine hiyo hiyo, hilo si la kupuuza, ila lina dawa: mpango wa Microsoft wa kuongeza muda wa viraka. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, uhakikishe ni toleo 22H2. Kisha fungua Settings, Update & Security, Windows Update, utafute kiungo cha "Enroll now". Kisipoonekana, maliza kwanza updeti zote zilizosubiri, uwashe upya. Utaingia kwa akaunti ya Microsoft, na ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe huko, hulipi kitu. La sivyo ni dola 30 au pointi 1,000 za Microsoft Rewards. Viraka vya mpango huu ni vya hadi 13 Oktoba 2026.

Na ule uzito? Hautoki kwa Windows, unatoka kwa diski inayozunguka. Ile 1,500 iweke akiba ya SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 256, inayokaa pale pale pa diski ya zamani. Kama faili zako hazizidi GB 180 hivi, fundi anaweza kunakili diski nzima kwa kebo ya SATA ya USB, bila kusakinisha chochote upya. Mwambie asiifute ile ya zamani mpaka umeitumia mpya wiki moja.

SWALI: ThinkPad T480 yangu ni i5-8350U, RAM GB 8, tena SSD. Lakini programu ya PC Health Check inakataa, inasema haifai. Kulikoni? – Msomaji, South B

JIBU: Prosesa yako inakubalika, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa kwamba mwenye mashine wa kwanza, au fundi, alizima TPM au aliweka uwashaji wa kizamani. Andika tpm.msc kwenye kisanduku cha Windows na R uone TPM, kisha msinfo32 usome mstari wa BIOS Mode. Ukisema Legacy, shida ndiyo hiyo.

Hapa mpangilio wa hatua ndio kila kitu. Wengi hukimbilia BIOS (mipangilio ya kuwashia mashine), wakaweka UEFI, yaani uwashaji wa kisasa, halafu mashine ikakataa kuwaka kwa sababu diski bado iko katika mtindo wa MBR, ule wa zamani. Anza kwa kunakili faili zako kwenye diski ya nje. Kama BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda diski, imewashwa, isimamishe, na ufunguo wake wa tarakimu 48 uuandike kwenye karatasi, si ndani ya laptopu hiyo hiyo! Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikipita, rudia ukiweka /convert mahali pa /validate. Ikikataa, hesabu sehemu za diski: zikizidi tatu, haitakubali.

Sasa ndipo uzime, uwashe ukibonyeza F1. Chini ya Security washa Security Chip na Secure Boot. Chini ya Startup chagua UEFI Only.

Baada ya hapo hamia, kwa maoni yetu inafaa. Leseni halali ya Windows 10 inahama nayo, hununui chochote isipokuwa bando: faili inapita GB 5. Acha nafasi ya GB 30 hivi, na kama betri imekufa usianze siku ambayo stima inachezacheza. Usipoipenda, una siku 10 za kurudi nyuma kabla folda ya Windows.old haijafutwa.

SWALI: Nina saiba yenye kompyuta sita za Windows 10 ya biti 32, na printa ya zamani. Nihamishe zote mara moja? – Msomaji, Umoja

JIBU: Hapana. Windows 11 haina toleo la biti 32, kwa hiyo kila moja itabidi ifutwe na kusakinishwa upya, na draiva ya printa ya biti 32 haitafanya kazi. Tafuta kwanza draiva ya biti 64 kwa mtengenezaji wa printa. Ikikosekana, bakiza kompyuta moja ya zamani kwa ajili ya kuchapa tu, isiyo na intaneti, uwe unaipelekea faili kwa flashi.