Vitz ya CVT au Demio ya gia 6, ipi inachomoka?

Mkuu, umeuliza mbona Vitz yako ya cc 1000 CVT inapiga kelele tu ukiikanyaga wakati Demio ya 2015 ya jirani inachomoka. Kwanza injini hazilingani, Demio ile ni cc 1300, hapo tayari umeachwa. Ila gia boksi nayo inachangia, CVT ni otomatiki isiyo na gia za kupanda moja moja, ina mkanda na puli mbili zinazobadilika upana, kwahiyo ukikanyaga mpaka chini inapandisha rpm (mizunguko ya injini) na kuigandisha hapo hapo huku spidi inapanda taratibu, unasikia mlio mkubwa unadhani gari haiendi kumbe inaenda. Demio ina otomatiki ya kawaida ya gia 6, unasikia kila gia ikiingia na gia ya kwanza ni fupi ndo maana inakupa kiki. Vitz za zamani za gia 4 ndo usiseme, kwenye mlima mkali kama Kitonga kule Iringa inarukaruka kati ya ya 2 na ya 3 mpaka unachoka.

Ukitaka kuovateki weka S (sport) kama lever ya gia yako inayo, kanyaga mapema kabla hujatoka kwenye leni. Na tafadhali sana usiweke ATF ya kawaida (oili ya gia boksi za otomatiki za kawaida) kwenye CVT, utaua mkanda.