Re: Wazazi wazima, mtoto ana selimundu?

Ndugu, umeuliza inakuwaje nyie wawili wazima mpate mtoto mwenye selimundu (SS), ugonjwa wa damu wa kurithi, na kama, kwa kuwa mliambiwa ni "mmoja kati ya wanne", watatu wanaofuata ndio watakuwa salama.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya hemoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni), moja ya baba, moja ya mama. Nyie mna AS, yaani nakala moja nzima (A) na moja yenye kasoro (S): nakala nzima inatosha kukukinga usiugue, ndiyo maana hamkujua. Mtoto wa SS amerithi S kutoka kwenu wote wawili. Kasoro yenyewe ni ndogo ajabu, herufi moja tu ya DNA. GAG imekuwa GTG, hivyo kwenye hemoglobini kiungo kimoja cha protini, asidi ya glutamiki, kikapishwa na kingine, valini, basi chembe nyekundu zikipungukiwa oksijeni zinajikunja kama mundu.

Hiyo "mmoja kati ya wanne" isikudanganye. Ni asilimia 25 kwa kila mimba, upya kabisa. Wanaofuata wanaweza kuwa wazima wote, au akapatikana mgonjwa mwingine.

Na hao ndugu wanaomsema mkeo kuwa ndiye chanzo, waambie SS haipatikani bila S ya baba. Mkapime wote wawili, ila ombeni elektroforesisi ya hemoglobini, kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za hemoglobini. Kile kipimo cha haraka cha kuangalia chembe zikijikunja hakitofautishi AS na SS.