Maswali ya Wasomaji: Je, Waholanzi Walitawala Tofauti na Wakoloni Wengine?

SWALI: Ndugu Mhariri, shuleni tulifundishwa kwamba Waingereza walitawala kupitia machifu, na Wafaransa walitaka kumgeuza Mwafrika kuwa Mfaransa. Waholanzi hutajwa tu tunaposoma habari za Makaburu. Naomba kujua walitawalaje makoloni yao ya Asia, na kama ni kweli kwamba, kwa kuwa walikuwa wafanyabiashara, walikuwa wapole kuliko wengine.
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, naanza na sehemu ya mwisho ya swali lako: hapana, hawakuwa wapole. Biashara ilitangulia kila jambo katika utawala wao, na ukali wao mwingi ulitokana na biashara hiyohiyo.

Mwaka 1602 Kampuni ya India ya Mashariki ya Uholanzi ilipewa na bunge la jamhuri hati ya kujenga ngome, kuajiri askari, kufunga mikataba na wafalme na kupigana vita. Waingereza nao walikuwa na kampuni yao tangu 1600. Wareno na Wahispania, ambao walisafiri kwa jina la mfalme na la Kanisa, walijishughulisha sana na kubatiza watu, kazi ambayo Kampuni ya Waholanzi iliijali kidogo.

Hata hivyo, kutojali dini ya mwenyeji hakukumaanisha kumhurumia. Mwaka 1621 Gavana Mkuu Jan Pieterszoon Coen alivivamia visiwa vya Banda, katika Indonesia ya leo, kwa sababu wenyeji waliendelea kuwauzia wafanyabiashara wengine kungumanga. Wengi waliuawa, wengine wakafa njaa au wakachukuliwa utumwani, na mashamba yao wakagawiwa Waholanzi waliowalimisha watumwa. Katika visiwa jirani vya Maluku mikarafuu iliyokuwa nje ya maeneo yaliyoruhusiwa na Kampuni ilikatwa ili bei isishuke. (Karafuu za Unguja na Pemba asili yake ni huko Maluku; safari yake ya kuja kwetu ilianza Wafaransa walipotorosha miche kuipeleka Mauritius mnamo 1770.)

Kampuni ilivunjwa mwishoni mwa 1799 ikiwa imelemewa na madeni, na serikali ikairithi pamoja na tabia zake. Hapa ndipo naona tofauti kubwa zaidi. Kuanzia 1830 Gavana Mkuu Johannes van den Bosch aliagiza kila kijiji cha Java, kisiwa kikuu cha koloni hilo, kitenge sehemu moja ya tano ya ardhi kwa mazao ya serikali, yaani kahawa, miwa na nili, na mara nyingi kilichodaiwa kilizidi kiasi hicho. Watawala wa jadi, walioitwa bupati, walipata fungu kulingana na mavuno, kwa hiyo kadiri walivyowabana wakulima ndivyo walivyonufaika. Hadi miaka ya 1870 Java ilikuwa imepeleka Uholanzi zaidi ya gilda (sarafu ya Uholanzi) milioni 800, fedha zilizolipa madeni ya taifa na kujenga reli, ilhali mnamo 1849 na 1850 watu wa Demak na Grobogan, katika Java ya Kati, walikufa kwa njaa.

Utawala kupitia wakubwa wa jadi, ambao sisi tunauhusisha na Lugard, gavana Mwingereza wa Nigeria, Waholanzi waliutumia Java muda mrefu kabla yake. Kando ya kila bupati palikuwa na ofisa Mholanzi, aliyetakiwa kujifanya kaka mkubwa wake huku yeye ndiye mwenye amri. Mambo ya ofisini na wenyeji yaliendeshwa zaidi kwa Kimalei, kama Wajerumani walivyotumia Kiswahili huku kwetu. Kufikia 1930 wenyeji waliojua Kiholanzi hawakufika mmoja katika kila mia. Wafaransa wa Senegal wasingelikubali ofisi ziendeshwe kwa lugha ya wenyeji. Mwaka 1928 vijana wazalendo waliokutana Batavia (Jakarta ya leo) waliitangaza lugha iliyotokana na Kimalei kuwa lugha ya umoja, nayo leo ndiyo lugha ya taifa la Indonesia.

Katika jamii, wanaume wa Kampuni walikwenda bila wake wa kwao, wakazaa na wanawake wa Asia. Mtoto aliyetambuliwa na baba yake alihesabiwa Mzungu kisheria, ndiyo maana wengi wa Wazungu waliohesabiwa huko mwaka 1930 walikuwa machotara. Katika India ya Waingereza machotara walihesabiwa kundi la pekee. Lakini sheria iyo hiyo iliwagawa watu wote katika mafungu matatu, Wazungu, Waasia wa kigeni na wenyeji, kila fungu na taratibu zake za mahakama. Wajapani waliingizwa katika fungu la Wazungu mwaka 1899, na Mjava katika nchi yake akabaki chini.

Katika kuondoka, Waholanzi walifanana zaidi na Wafaransa wa Vietnam. Viongozi wa wazalendo, Sukarno na Hatta, walitangaza uhuru wa Indonesia tarehe 17 Agosti 1945, lakini Uholanzi ilipeleka majeshi na kupigana, ikakabidhi mamlaka Desemba 1949, na hata hapo ikaendelea kuishikilia Papua ya Magharibi hadi 1962.