Kabla ya kuisingizia maikroRNA, jua tyubu yako ina seli gani

Wadogo zangu mnaoanza kazi na seli B, yaani seli nyeupe za damu zinazozaa kingamwili, msikimbilie kompyuta kutafuta jeni zinazodhibitiwa na maikroRNA yenu. Mimi nilianzia huko, miezi ikapotea.

MaikroRNA ni uzi mfupi wa RNA, wa herufi 22 hivi. Hautengenezi protini; kazi yake ni kukaba. Unajibandika kwenye ujumbe wa jeni nyingine, na ujumbe ule husomwa kwa shida au huharibiwa. Sehemu inayoshika hasa ni herufi ya pili hadi ya nane, fupi mno, ndiyo maana kompyuta itakumwagia mamia ya majina. Usishangilie.

Anza na maikroRNA zilizokwisha kuchunguzwa vizuri. Mimi huwapa wageni miR-155. Seli B iliyotulia huwa nayo kidogo, ikiamshwa hupanda. Mwaka 2007 ilionekana kwamba panya wasio na jeni yake hutoa kingamwili dhaifu. Miongoni mwa inavyovikaba ni AID, kimeng'enya kinachochanja DNA ya kingamwili ili zinoleke. Panya ambao AID yao imeponyoka mkononi mwa miR-155 hupata zaidi ajali moja mbaya: jeni ya MYC, inayosukuma seli zigawanyike, kuhamia jirani na jeni za kingamwili. Ajali ya namna hiyo ndiyo iliyomo ndani ya uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliuandika mwaka 1958 akiwa Uganda. Kundi la maikroRNA liitwalo miR-17~92 nalo likizidi hukaba Bim, protini inayoamuru seli ife. Seli zilizopaswa kuondoka zinabaki, na kinga ya panya inaanza kumshambulia mwenyewe.

Sasa aibu yangu. Nililinganisha damu ya wagonjwa wa lupasi (ugonjwa ambao kinga hushambulia mwili wake yenyewe) na ya watu wazima wa afya, miR-155 ikawa juu, nikaanza kuchora grafu. Msimamizi wangu akauliza: "Hizo ni seli zipi?" Nilikuwa nimetumia seli nyeupe zilizochanganyika, ambamo seli B huwa kama moja kwa kumi tu. Nikachuja kwa CD19, alama iliyo juu ya seli B, nikadhani yameisha. Kumbe mgonjwa ambaye lupasi yake imechachamaa huwa na seli B nyingi zilizokwisha kuamka, ziko njiani kugeuka viwanda vya kingamwili. Nilikuwa napima mchanganyiko wa seli, siyo badiliko ndani ya seli. Nilipotenga zile changa, ambazo hazijaamshwa, peke yake, tofauti yangu kubwa ikanywea.

Ukitumia plazma, yaani maji ya damu yasiyo na seli, chukua tyubu ya kifuniko cha zambarau. Ya kijani ina heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, na heparini huzuia PCR, mbinu ya kuzidisha nakala ili maikroRNA ipimike. Plazma yenye wekundu wa juisi ya rozela iliyozimuliwa, tupa. Wekundu huo ni seli nyekundu zilizopasuka, nazo zimejaa miR-451a na miR-16, na bado wapo wanaotumia miR-16 kama kipimo cha kulinganishia! Jicho halioni wekundu mdogo, kwa hiyo pima mwanga kwenye nanomita 414.

Na soma karatasi ya maelezo ya seti ya vifaa vya kutolea RNA kabla hujaifungua seti hiyo. Nyingine hupitisha RNA fupi kuliko herufi 200 moja kwa moja hadi kwenye ndoo ya taka. Yako ina 22.